Sultani Aliyetaka Elimu Irudishwe Hazinani

Hapo zamani, katika siku ambazo kodi zilitozwa kwa upole mwingi, yaani askari walibisha hodi kwanza ndipo wakauvunja mlango, palikuwa na mji uitwao Kizimbwe, na juu ya mji huo alitawala Sultani Mundhiri. Sultani huyu alikuwa mwema mno. Jambo hilo lilijulikana na watu wote, kwa kuwa yeye mwenyewe aliamuru litangazwe kila Ijumaa.

Baba yake, aliyetawala kabla yake, hakupata kutangazwa hata siku moja, lakini alijenga chuo kando ya soko la nafaka, akaagiza walimu wake walipwe na hazina kutoka katika ushuru wa soko na wa malango ya mji, ili mtoto yeyote wa Kizimbwe aingie asome bila kutoa ada. Humo watu walifunzwa uashi, upishi, kunyoa, hesabu, uchimbaji wa mifereji na utabibu. Ikawa mtoto wa mfinyanzi huingia na udongo kwenye kucha akatoka tabibu, na mtoto wa tabibu, akiwa hana akili, hutoka vilevile alivyoingia.

Basi katika mji huo aliishi mtu mmoja jina lake Shaame, na watu walimwita Shaame Mkavu. Jina hilo alilipata kwa mfuko wake, uliokuwa mkavu masika na kiangazi, na kwa macho yake, yaliyokuwa makavu hata mbele ya wakubwa. Kazi ya kueleweka hakuwa nayo. Alisuka kamba akizidiwa na njaa, akaziacha akishiba. Kitu pekee cha thamani alichokuwa nacho duniani ni mpwa wake Mwatime, binti wa marehemu dada yake, ambaye alimlea tangu angali wa kubebwa. Mwatime alikuwa chuoni akisomea utabibu wa meno, na kila jioni alikaa uani akitaja dawa na vifaa kwa sauti, naye Shaame akijilaza mkekani na kufumba macho, asije binti akaona jinsi mjomba wake anavyojivuna.

Mambo yakaendelea hivyo mpaka Sultani Mundhiri alipotamani tausi. Hakutamani tausi mmoja, bali bustani nzima ya tausi, yenye vijito na vibanda vya kivuli, kwa kuwa Sultani wa mji jirani alikuwa nayo. Hazina ikachunguzwa, ikaonekana ina kila kitu ila bustani ya tausi. Hapo Waziri wake, aliyeitwa Mahfudhi, mtu mwenye sauti ya asali na mikono isiyowahi kushika jembe, akainama akanena, "Seyyid yangu, jana nilipita sokoni nikamsikia mwanamke mmoja muuza chumvi akilalamika. Ni kikongwe, hana mtoto wala hana jino. Alisema, 'Kwa nini mimi nilipie mtoto wa mwenzangu asome?' Moyo wangu, Seyyid yangu, ulivunjika."

"Hata wangu unavunjika," akasema Sultani. "Endelea."

"Elimu ni mali ya aliye nayo. Mwenye kuitaka na ailipie. Na hao waliokwisha kusoma wamekula jasho la kikongwe yule. Chuo kifungwe mlango kwa asiye na ada, na kila aliyesoma kwa mali ya hazina arudishe alichopewa. Haki itatendeka, na, kwa bahati tu, tausi watapatikana."

Sultani alifurahi sana kuona haki na tausi vikienda njia moja. Kesho yake mpiga mbiu akazunguka mjini akitangaza kwamba Waziri amevunjika moyo kwa ajili ya muuza chumvi, kwamba haoni faida ya chuo, na kwamba mwenye ada asome, asiye na ada akae, na wote waliosomeshwa na hazina warudishe kwenye hazina walichopewa. Atakayeshindwa atakwenda machimboni kuvunja mawe.

Walimu wa chuo, waliposikia kwamba mshahara wao umegeuka kuwa nyasi za bustani, walifunga mizigo wakahamia mji jirani. Waliobaki ni wanafunzi, wamesimama nje ya mlango uliofungwa, Mwatime miongoni mwao, na mfuko wake wa vifaa kifuani.

Alirudi nyumbani akaketi kizingitini. Hakulia. Shaame alitamani afadhali angelia, maana angejua la kufanya; angemfanyia mzaha.

"Nilibakiza mwaka mmoja, mjomba," akasema. "Na sasa nadaiwa hata ile miaka niliyosoma."

Shaame akaupokea mfuko wake wa vifaa, akautundika mahali pake ukutani.

Siku ile ile, jua lilipopinda, yule muuza chumvi, Bi Kirembwe, akaja na kapu lake kichwani, akalitua kwa kishindo. "Shaame," akasema, "wewe huingia barazani kwa wakubwa wakikutaka uwachekeshe. Hebu nieleze. Ni kweli nilisema sitaki kulipia chuo. Haya, chuo silipii tena. Lakini leo asubuhi mtoza ushuru amekuja akachukua kile kile alichokuwa akichukua! Sasa mimi nalipia nini?"

"Unalipia tausi, bibi."

"Tausi! Wanaliwa?"

"Hawaliwi. Wanatazamwa."

"Nitakwenda kuwatazama lini?"

"Huruhusiwi kuingia, bibi."

Bi Kirembwe akajitafunia ufizi wake. "Afadhali yule mtoto wa mwenzangu," akasema mwishowe, akalibeba kapu lake akaenda zake.

Maneno hayo yalimkaa Shaame kifuani. Akavaa kanzu yake moja, ile yenye kiraka mgongoni, akaelekea jumba la Sultani kwa miguu yenye kutetemeka, kwa kuwa ukavu wa macho haushuki mpaka magotini. Akakuta baraza limejaa, Sultani juu ya kiti chake na Waziri ubavuni.

"Ewe Mkavu," akanena Sultani, "umekuja kutuchekesha?"

"La, Seyyid yangu. Nimekuja kuchekwa. Mimi ni mjinga, sikupata kusoma hata siku moja, na amri yako tukufu imenipita kichwani. Imesemwa watu warudishe walichopewa na hazina. Je, hazina iliwapa nini? Iliwapa fedha?"

Sultani akamtazama Waziri. Waziri akatabasamu kama mtu anayemweleza mtoto. "Fedha walipewa walimu, ewe mpumbavu. Hawa wengine walipewa elimu."

"Ahsante, Bwana Waziri. Basi wanachopaswa kurudisha ni elimu."

Baraza zima likacheka. Waziri akafungua kinywa apate kujirekebisha, lakini Sultani alikuwa amekwisha kupendezwa na mchezo huo, naye alikuwa mtu akipendezwa hazuiliki. "Naam!" akasema, akipiga goti lake. "Elimu! Warudishe elimu yenyewe! Iletwe hazinani kabla ya Ijumaa, yote, isibaki hata chembe. Na wewe, Mkavu, kwa kuwa umeuliza, utakuwa msimamizi wake. Ikikosekana elimu Ijumaa, wewe utakuwa wa kwanza machimboni."

"Nimesikia na nimetii," akasema Shaame. "Swali moja tu la mjinga. Mtu akisha kuirudisha elimu hazinani, kisha akaonekana anaitumia tena, atakuwa nani?"

"Atakuwa mwizi wa mali ya hazina."

"Na mwizi wa mali ya hazina hufanywaje?"

"Hukatwa mkono," akajibu Sultani kwa furaha. "Andikeni hivyo, litangazwe leo!"

Likatangazwa siku hiyo hiyo.

Shaame aliporudi nyumbani akamweleza mpwa wake, na Mwatime akamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyewasha moto ndani ya nyumba ili ajue kama paa linashika. "Mjomba, umeuweka mkono wangu rehani!"

"Mikono yote miwili, mwanangu, na shingo yangu juu yake."

"Na mgonjwa akinijia kesho? Nimwambie nini? Kwamba tunamfanyia Sultani mzaha?"

Hilo Shaame hakuwa amelifikiri, na haya ikamshika. "Mgonjwa asiye na kitu umtibu," akasema baadaye, kwa sauti ya chini. "Umtibu nyuma ya pazia, na mimi nitakaa mlangoni. Nikikamatwa nitasema ni mimi niliyetibu, na watakaponiona hawataamini, watacheka, wataondoka. Ila mgonjwa wa jumba la Sultani asubiri mpaka hazina ifunguliwe." Mwatime akaafiki kwa sharti hilo, wala si kwa furaha.

Basi siku iliyofuata Shaame akaomba makasha kutoka bohari ya Sultani, akayapanga mbele ya mlango wa hazina. Watu wa Kizimbwe wakaja wakapanga foleni: mpishi wa jumbani, kinyozi wa jumbani, fundi wa mifereji, waashi, makarani, na mabinti na vijana waliofukuzwa chuoni. Kila mmoja akainama, akaingiza kichwa kashani, akanong'ona yote anayoyajua, akafunika haraka, akaondoka akijishika kichwa kama mtu aliyepungukiwa. Mpishi alikaa sana, mpaka wa nyuma wakaguna.

"Mbona unachelewa?" akauliza askari.

"Nimefika kwenye biriani," akajibu mpishi kutoka ndani ya kasha.

Waziri Mahfudhi akapita kutazama, akagonga kasha moja kwa kidole. "Mbona ni jepesi?"

"Hilo la makarani, Bwana Waziri," akasema Shaame. "Jaribu lile la waashi."

Waziri hakujaribu. Akaenda kumwambia Sultani kwamba watu wamekuwa watiifu ajabu, na kwamba waliposhindwa kurudisha fedha angalau wamejidhalilisha, jambo ambalo kwa utawala ni karibu sawa na fedha. Sultani akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Makasha yakafungwa kwa kufuli, yakaingizwa hazinani, na watu wakalala.

Ijumaa asubuhi Sultani akaamka, akapiga makofi aletewe maji ya kuoga. Mfereji wa jumbani ulikuwa mkavu. Akaitwa fundi wa mifereji, akaja, akautazama mfereji kwa mshangao mkubwa kama anayeuona kwa mara ya kwanza.

"Seyyid yangu," akasema, "jambo hili bila shaka lina uhusiano na maji."

"Ufungue!"

"Sijui unafunguliwa wapi. Nilikuwa najua, lakini nimerudisha."

Sultani akajifuta uso kwa kitambaa, akaita kinyozi. Kinyozi alimkalisha, akampaka povu, akamnyoa shavu la kulia safi kabisa, likang'aa. Kisha akafuta wembe, akaufunga, akainama kuaga.

"Na huku?" akauliza Sultani, akishika shavu la kushoto lenye povu na ndevu zake.

"Huko siwezi, Seyyid yangu. Marehemu baba yangu alianza kunifundisha kwa upande wa kulia, akafariki kabla hatujafika kushoto. Kushoto nilifundishwa chuoni."

Hapo Sultani akaanza kuona kwamba mchezo umemgeukia, lakini njaa ilikuwa ikimuuma kuliko hasira, akaamuru chakula kiletwe. Mpishi akaleta sinia, ameifunika kwa adabu zote. Sultani akafunua. Palikuwa na mchele ndani ya maji ya uvuguvugu, na samaki mzima juu yake, na magamba yake, akimkodolea macho.

"Hiki ni nini?"

"Ni chakula, Seyyid yangu. Hapa katikati, palipo kati ya gunia na sinia, huwa panafanywa kitu fulani. Nimekuwa nikikitafuta tangu alfajiri."

Sultani, kwa kuonyesha kwamba yeye hashindwi na wapishi, akachota tonge la mchele ule akalitia kinywani, akaliuma kwa nguvu. Sasa mchele wa Kizimbwe ulikuwa na mawe, na kuchagua mchele lilikuwa somo la kwanza kabisa katika upishi. Pakasikika mlio, kisha ukelele mmoja, na watumishi waliokuwa uani wakadhani tausi wamefika.

Jino la Sultani, la nyuma chini upande wa kushoto, lilikuwa limepasuka katikati.

Haukupita muda shavu likavimba chini ya zile ndevu zisizonyolewa, na Sultani akawa akitembea chumbani huku na huku, akigusa kuta kwa paji la uso. Waziri akatuma watu watafute tabibu. Wakarudi wakasema matabibu wa chuo wote wako mji jirani, na kwamba, kwa habari walizozisikia, huko wanalipwa vizuri. Aliyebaki ni binti mmoja tu, mpwa wa Mkavu.

"Aletwe!" akaguta Sultani. "Aletwe na mjomba wake pia, nimkate kichwa baadaye!"

Mwatime akaingia na mfuko wake wa vifaa, na Shaame nyuma yake, amejaa jasho. Sultani akaketi akafungua kinywa. Mwatime akainama, akachungulia, akageuza kichwa huku na kule.

"Naona vitu vyeupe," akasema kwa heshima. "Viko vingi. Vimejipanga."

"Ni meno!" Sultani akapiga kelele.

"Ndivyo yanavyoitwa? Ahsante, Seyyid yangu."

Lakini Shaame, aliyekuwa kando, aliona vidole vya mpwa wake vikifungua na kufunga mfuko. Alijua binti yule hapendi kumwona mtu yeyote akiumwa, hata huyu. Akajua pia kwamba hana muda mwingi.

"Wewe!" akanena Sultani kwa Mwatime, machozi yakimtoka. "Unajua! Ling'oe!"

"Nikiling'oa, nitakuwa nimetumia mali ya hazina, nami nitakatwa mkono. Ni amri ya Seyyid mwenyewe, imetangazwa."

"Nimekusamehe! Makasha yafunguliwe!"

Yakaletwa, yakafunguliwa. Waziri akachungulia ndani ya la kwanza, akachungulia la pili, akaingiza mkono. "Hamna kitu," akasema.

"Imo, Bwana Waziri," akasema Shaame. "Ila faida yake huwezi kuiona kwa macho. Si ndivyo ulivyosema ulipofunga chuo, kwamba huoni faida yake?"

"Mkavu," akasema Sultani kwa sauti ndogo, ameshika shavu kwa mikono yote miwili, "nipe elimu ya binti huyu, nitakupa utakacho."

"Siwezi kuitoa bure, Seyyid yangu. Amri ni kwamba anayetaka elimu ailipie."

"Hazina italipa!"

Shaame akavuta pumzi. Hapa ndipo alipokuwa akielekea tangu siku ile ya kwanza. "Hazina ni ushuru wa watu, Seyyid yangu. Humo mna ushuru wa Bi Kirembwe, muuza chumvi, yule ambaye Bwana Waziri alivunjika moyo kwa ajili yake. Kikongwe yule hana jino hata moja. Moyo wangu nao unavunjika. Kwa nini asiye na jino alipie jino la mwenzake?"

Watumishi waliokuwa wakijiuma midomo wasicheke, waliacha kujiuma.

"Kwa sababu mimi ni Sultani," akasema Sultani, lakini alisema taratibu, kama mtu anayejisikiliza. "Nikizidiwa na jino, nani ataamua kesi za watu? Nani atalinda malango? Naye pia ananufaika nikiwa mzima..." Akakoma hapo. Alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe.

Waziri Mahfudhi akaona mambo yanakwenda pabaya, akadakia, "Seyyid yangu, usidanganywe na mlalahoi huyu! Andika amri mpya sasa hivi, ya kumlazimisha binti, uisome mwenyewe mbele ya baraza!"

"Haifai, Bwana Waziri," akasema Shaame. "Seyyid hasomi."

"Sisomi?" Sultani akainua kichwa. "Nasoma tangu utotoni!"

"Na mwalimu aliyekufundisha, Seyyid yangu, alikuwa akilipwa na nani? Marehemu baba yako hakulima wala hakuuza chumvi. Mwalimu wako alilipwa na hazina, kwa ushuru wa wale waliokuwa sokoni wakati huo, ambao watoto wao hawakuwa wewe. Wote waliosomeshwa hivyo wamerudisha. Mimi ni msimamizi, nimesimama kwenye makasha tangu yafunguliwe mpaka yafungwe, wala sikukuona ukiinamisha kichwa."

Alipokwisha kusema hayo, Shaame alifumba macho, akangoja upanga. Alimfikiria dada yake. Alifikiri pia kwamba angepaswa kula kabla ya kuja.

Upanga haukuja. Kilichokuja ni sauti ya ajabu, ya kukoroma, na alipofumbua macho akamwona Sultani, nusu amenyolewa na nusu ana ndevu, shavu kama chungu, anacheka. Alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, maana kila akicheka jino lilimchoma, na kila likimchoma aliwawaza tena watu wazima wameingiza vichwa makashani.

"Basi," akasema, akipunga mkono. "Basi, Mkavu, utaniua. Makasha yapasuliwe kuni. Kila mtu achukue chake. Chuo kifunguliwe kama kilivyokuwa kwa baba yangu, ushuru ukilipie, walimu waitwe warudi, wapewe na nyongeza, maana najua wataitaka. Na sasa, binti, kwa jina la Mungu!"

Mwatime alikuwa amekwisha kukunja mikono ya nguo yake. Akatoa koleo, akawaamuru askari wawili wamshike Sultani mabega, na mmoja amshike kichwa.

"Kwa nini wanishike?" akauliza Sultani. "Nasikia matabibu wa chuo hutia dawa ya ganzi kwanza, mtu asisikie kitu."

"Ni kweli, Seyyid yangu. Kung'oa tulisoma mwaka jana. Ganzi ni somo la mwaka huu, na tulipofika mlangoni kulisoma, tulikuta umefungwa."

Sultani akamtazama Waziri wake kwa muda mrefu sana. Kisha akafungua kinywa.

Ukelele wake ulisikika mpaka soko la nafaka, na watu wakaacha kupima. Jino likatoka lote, kwa mvuto mmoja, na wanaojua kazi hiyo walisema kwamba mkono ule ulikuwa wa tabibu hasa. Mwatime akamsafisha jeraha, akamsukutisha maji ya chumvi, na Shaame hakujizuia kusema kwamba chumvi yenyewe ni ya Bi Kirembwe, na imelipiwa ushuru.

Maumivu yalipopoa, Sultani akaketi sawasawa na kuanza kugawa haki. Waziri Mahfudhi akaamriwa aketi mbele ya sinia ya asubuhi, amalize mchele wote, pamoja na mawe yake, na yule samaki. Wale tausi waliokuwa njiani wakarudishwa walikotoka. Kinyozi akakumbuka upande wa kushoto papo hapo, wala hakuhitaji kufundishwa upya.

Kisha Sultani akamgeukia Shaame. "Ewe Mkavu, ulistahili machimbo, na ulistahili uwaziri. Chagua."

"Seyyid yangu, machimboni kuna kazi, na uwazirini kuna uongo. Vyote viwili vinachosha. Nipe chakula kilichopikwa."

Mpishi akapewa gunia, mafuta na nyama, na safari hii akakipata kile kitu kilicho kati ya gunia na sinia. Shaame akala mbele ya Sultani, bila haya, mpaka akalegeza mshipi. Mwatime akakaa pembeni akifunga vifaa vyake kimoja kimoja, na uso wake ulikuwa na kicheko ambacho mjomba wake hakukiona tangu mlango wa chuo ulipofungwa.

Mwatime alipoomba ruhusa ya kuondoka, Sultani akamwita arudi, akamwashiria asogee karibu, watu wasisikie.

"Somo hilo la ganzi," akamnong'oneza, "huchukua muda gani?"

"Mwaka mmoja, Seyyid yangu, walimu wakirudi mapema."

Sultani akapitisha ulimi upande wa kulia, juu, akakunja uso.

"Tumeni farasi," akawaambia askari wake. "Walimu walale hapa leo."